Wauza kadi za grafiksi Kariakoo, acheni kutupimia nguvu kwa GB! Nimepigwa 240,000

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nina hasira. Moderata, uzi huu msiuhamishie kwenye kona ya vichekesho kama mlivyofanya ule wangu wa inverta.

Mimi naishi kwa video za harusi na sendofu. Mashine yangu ni hii mitumba ya ofisi, i5 ya kizazi cha 7, boksi jembamba, pawa saplai haina hata waya mmoja wa ziada wa kadi. Kwa hiyo kadi ya kunifaa lazima iwe fupi na iridhike na umeme wa kwenye sloti (tundu inapochomekwa kadi), yaani isizidi wati 75. Hapo uchaguzi unabaki mdogo, najua. Jumamosi nikashuka Kariakoo na 250,000 mfukoni, nikaingia duka moja (jina nalihifadhi, sitaki kesi).

Zilikuwepo mbili za saizi yangu, zote za Nvidia. GTX 1050 ya GB 2, imetumika, haina boksi. Na GT 1030 ya GB 4, mpya, boksi linang'aa. Bei zimepishana elfu kumi tu. Nikamuuliza kijana wa kaunta ipi ina nguvu. Hakuvuta hata pumzi: "Kaka, hesabu ndogo hiyo. Hii mbili, hii nne. Nne ndiyo mnyama." Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu zangu, nikabeba nne.

Nyumbani nikafunga, dereva zikaingia bila shida. Nikapakia harusi ya wiki iliyopita, dakika 40, nikabonyeza kurenda (kutoa faili la video iliyokamilika). Kazi kama hiyo kabla ya kadi ilikuwa inanichukua dakika 35 hivi. Safari hii nikaenda kula, nikarudi, asilimia 31. Nikaoga, nikarudi, asilimia 52, feni ya prosesa inanguruma kama mashine ya kusaga. Ilimaliza kwa saa 1 na dakika 50. Nikadhani nimekosea seti, nikarudia. Yaleyale.

Mdau mmoja wa humu (asante mkuu, unajijua) ndiye aliyenifumbua macho. GT 1030 haina NVENC, ile sehemu ya chipu inayobana video kuwa faili wakati wa kurenda. Iwe ya GB 2 au 4, mpya au kuukuu, haina. Ile GTX 1050 niliyoipita kama sijaiona inayo! Na bado kuna kichekesho cha msibani: grafiksi ya Intel iliyomo ndani ya prosesa yangu ina uwezo huohuo, wanauita Quick Sync, na ndiyo iliyokuwa inanibeba kimyakimya miaka yote. Nilipochomeka kadi, BIOS (ile programu ya msingi inayowasha mashine) ikaizima. Yaani nimelipa 240,000 mashine irudi nyuma.

Nikasema sawa, labda kwenye mengine itanifaa. Nikafungua GPU-Z, programu inayosoma kadi na kukuonyesha undani wake. Kwenye mstari wa aina ya memori: DDR4, ile ya polepole. Njia ya memori (upana wa bomba la data) biti 64. Kasi: GB 16.8 kwa sekunde. Nikakaa chini.

Kwa wasiojua: GT 1030 ilipotoka Mei 2017 ilikuwa na memori ya GDDR5, ile ya kasi ya kadi za grafiksi, inapitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaingia sokoni ya DDR4. Jina lilelile, kore (vitengo vya kufanyia hesabu) 384 zilezile, ila inapitisha 16.8, karibu theluthi moja ya ile ya kwanza. Kumbe ile GTX 1050 "ya GB 2 tu" inapitisha 112! GB ni ukubwa wa tangi. Mimi nimeuziwa tangi la lita elfu tano juu ya paa, halafu bomba linaloshuka bafuni ni mrija wa soda. Nitaoga lini?

Rafiki yangu wa Sinza ana GT 1030 ya GB 2, ile ya zamani. Tukaenda kwake, mashine moja, kadi tukabadilishana. Gemu la GTA V, ubora wa picha 1080p, seti za kawaida. Ya kwake fremu 50 na ushee kwa sekunde. Ya kwangu 26, mvua ikinyesha kwenye gemu 22. Mke wake akapita akauliza mbona gari linatembea kwa kurukaruka. Gamers Nexus, wapimaji wa vifaa vya kompyuta, walishazipima hizi mbili mwaka 2018 wakakuta gemu kadhaa zinashuka karibu nusu, kwa hiyo msiniambie kadi yangu ina bahati mbaya.

Jumatatu nikarudi dukani.
"Inawaka?"
"Inawaka."
"Picha inaleta?"
"Inaleta."
"Sasa bosi, tatizo liko wapi?"
Kijana akanigeuzia risiti, akaweka kidole kwenye muhuri: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Na hapo ndipo roho inaponiuma, kwa sababu hata FCC (Tume ya Ushindani) nikienda nitasema nini? Kadi si feki. Zile feki kabisa, chipu za enzi za GTS 450 zilizobandikwa jina la 1050 Ti, angalau GPU-Z inakuandikia FAKE mbele ya jina, unamkaba mtu shati. Hii ni halali. Kwenye boksi "4GB" imeandikwa kubwa kama kiganja, "DDR4" ipo nyuma, pembeni ya msimbopau, herufi za sisimizi. Ndiyo, sikugeuza boksi. Nitukaneni hapo, nimestahili.

Ila mjue mchezo huu haukuanza na yangu. GT 730 ya 2014 ilitoka za aina tatu chini ya jina moja, mojawapo ina kore 96 wakati wenzake wana 384, na zimejaa mtaani kwa sifa ya "GB 4". Hata kwa AMD, RX 580 ya 2048SP ni RX 570 iliyovaa koti la kaka yake. RTX 3050 ya GB 6 haijapungua GB 2 pekee ukilinganisha na ya GB 8. Kore zimeshuka kutoka 2560 hadi 2304, na njia ya memori kutoka biti 128 hadi 96. Kijana wa kaunta atakwambia ni ileile, na usoni hadanganyi, kwa sababu naye hajui!

NYONGEZA: Mnaouliza kuhusu Intel, ndiyo, nimeingia BIOS nikaiwasha tena. Harusi ileile, dakika 36. Kadi ya 240,000 sasa kazi yake ni kushika waya wa monita ya pili.

Mwenye 1050 Ti fupi, isiyohitaji waya wa umeme, aje PM. Nakuja na flashi yangu yenye GPU-Z, tunaichomeka kwanza, hela baadaye. Atakayeniandikia "GB ngapi unataka" simjibu.