Mjadala: Mwandishi wa riwaya ana haki ya kumzulia mfungwa wa kweli maisha ambayo hakuyaishi?

Mleta mada:

Wakuu salaam. Nimemaliza kusoma riwaya ya Richard Flanagan, yule mwandishi wa Tasmania, inaitwa Gould's Book of Fish, ilitoka 2001 na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya waandishi wa Jumuiya ya Madola. Tangu niifunge nabishana na kila mtu ninayesoma naye vitabu, nikaona bora niilete hapa tuijadili kwa upana.

Kwa ambao hamjaisoma. William Buelow Gould alikuwa mtu kweli, mzaliwa wa Liverpool, fundi wa kuchora vyombo vya kaure. 1826 akahukumiwa Northampton miaka 7 kwa wizi wa nguo, na enzi hizo hukumu ya namna hiyo maana yake unapakiwa melini unapelekwa upande wa pili wa dunia. Mwisho wa 1827 akashushwa Hobart, Van Diemen's Land, ndo Tasmania ya leo. Huko akaendelea kuandikiwa makosa, ulevi, kughushi noti ya benki, hadi akaishia Macquarie Harbour pwani ya magharibi, kisiwa cha Sarah, sehemu walikokuwa wanapelekwa wafungwa waliokosa tena wakiwa tayari ni wafungwa. Hapo akapewa kazi kwa daktari wa kituo, William de Little, ambaye alipenda sana mambo ya viumbe, akampa karatasi na rangi za maji, Gould akawa anamchorea samaki. Kile kitabu cha michoro kipo mpaka leo maktaba ya Allport hapo Hobart, na UNESCO wamekiingiza kwenye orodha ya kumbukumbu za Australia.

Sasa Gould wa kwenye riwaya. Yupo kwenye selo inayojaa maji bahari inapojaa, anaandika kwa siri kwa wino wowote anaoupata, damu, wino wa ngisi, na kwenye toleo la kwanza kila sura ilichapishwa kwa rangi yake. Sura ziko 12 na kila moja ina samaki wake, farasi wa baharini, bunju mwenye miiba, mkunga, hata kamba wa maji baridi. Kuna kamanda anayevaa kinyago cha dhahabu na anajenga reli isiyofika popote. Kuna karani Jorgensen anajaza madaftari kwa koloni ambalo halijawahi kuwepo, koloni safi lenye utaratibu, huku nje watu wanapigwa viboko. Na mwisho faili linasema Gould alizama akijaribu kutoroka. Wakati Gould mwenyewe aliachiwa huru 1835, akaoa, akapata watoto, akafa Hobart 1853 akiwa maskini.

Wengi ninaobishana nao wanasema huu ni uongo juu ya marehemu. Mimi nasema Flanagan ana haki, tena haki kamili, na sababu yangu ni moja. Kila kitu tunachokijua kuhusu Gould kama mtu kiliandikwa na waliomfunga. Tarehe, kosa, adhabu. Tarehe, kosa, adhabu. Leo akifa mjomba wako ukaambiwa andika wasifu wake kwa kutumia faili la polisi tu utakubali? Utasema huyo siye mjomba ninayemjua. Ila kwa mfungwa wa 1830 tunataka mwandishi asimame pale pale karani wa gereza alipoweka nukta. Mjadala uko wazi, karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu mleta mada umeandika vizuri ila napinga. Tatizo langu sio kubuni, watu wabuni wanavyotaka, tatizo ni kubuni juu ya kitu ambacho ukweli wake unauzidi ubunifu wenyewe. Hukugusia habari ya Cyprus. Agosti 1829 huyo Gould alipakiwa kwenye meli ya Cyprus kupelekwa Macquarie Harbour, walipofika Recherche Bay wafungwa wakaiteka meli, wasiojiunga nao wakatelekezwa ufukweni, Gould akiwemo, baadaye akarudishwa Hobart. Walioiteka walivuka bahari mpaka Japani, 1830 wakaonekana pwani ya kisiwa cha Shikoku, na Wajapani wakaandika na kuichora hiyo meli. Sasa nyie niambieni, mtu ana stori kama hii mkononi anahitaji kinyago cha dhahabu cha nini? Mimi ningesoma kurasa 400 za Gould pale ufukweni anaiangalia meli inaondoka na wenzake, anajiuliza kabaki kwa uoga au kwa akili.

Halafu kuna jina la Lempriere. Kwenye riwaya ni daktari mwenye uchu wa mafuvu ya watu na mwisho analiwa na nguruwe. Thomas Lempriere wa kweli alikuwa ofisa wa stoo, sio daktari, alikuwa mchoraji naye, aliandika shajara, alipima maji kujaa na kupwa kule Port Arthur, kituo kingine cha wafungwa, na vile vipimo vya 1841 wanasayansi bado wanavitumia kulinganisha kimo cha bahari. Unachukuaje ukoo wa mtu kama huyo unamvisha mchinjaji? Angeweza kumpa jina lolote duniani.

Mleta mada:

Mkuu asante, hiyo ya Cyprus niliiacha kwa ajili ya urefu ila naifurahia imekuja. Sasa angalia ulivyoandika mwenyewe, "anajiuliza kabaki kwa uoga au kwa akili". Hayo umeyatoa kwenye nyaraka gani? Nyaraka zinasema alibaki basi. Mambo ya Cyprus tunayajua kwa sababu kulikuwa na kesi na ripoti za maofisa, Waingereza upande huu na Wajapani upande ule, hakuna aliyekaa na Gould akamuuliza ulikuwa unawaza nini. Umefika ukingo wa faili ukaruka, na hapo hapo ndipo Flanagan aliporuka, tofauti ni kwamba yeye ameruka mbali zaidi.

Lempriere nakupa, hapo kuna uzito. Aliyekuwa na kalamu ya serikali na shajara yake mwenyewe alijieleza, na kama unamchafua mtu aliyejieleza una deni la kubadilisha jina. Lakini hiyo ni hoja ya Lempriere, haigusi haki ya kumbuni Gould.

Mchangiaji wa pili:

Jamani mimi nakuja na upande mwingine kabisa maana naona wote mnazungumzia kisiwa cha Sarah kama jehanamu na hamjiulizi mmeitoa wapi hiyo. Lango la ile bandari linaitwa Hells Gates, ndio, na kile kituo kilichofunguliwa 1822 kikafungwa 1833 kilikuwa na viboko vya kutisha hasa miaka ya mwanzo, hakuna anayekataa. Alexander Pearce alitoroka hapo akala wenzake, akanyongwa Hobart 1824, na hiyo ndo watalii wote wanapenda kuisikia. Ila kisiwa hicho hicho kilikuwa karakana kubwa ya kuunda meli. Kulikuwa na mbao za msonobari wa Huon, mti unaokua taratibu mno na mbao zake haziozi kirahisi, ukiwa na mbao hizo na mafundi una meli. Mwishoni mwa miaka ya 1820 alikuja fundi mkuu David Hoy, na wanahistoria waliochimba kumbukumbu wanaonyesha kwamba mambo yalibadilika, mafundi wafungwa wakapata nafuu ya chakula na mazingira, viboko vikapungua, kwa sababu huwezi kumchana mgongo mtu halafu kesho umtegemee kupinda mbao sawasawa.

Na meli ya mwisho kuundwa pale, Frederick, Januari 1834 wafungwa 10 waliobaki kuimalizia waliiteka wakasafiri nayo mpaka Chile. Waliijenga wenyewe, wakaiendesha wenyewe. Wanne walikamatwa wakarudishwa Hobart kushtakiwa 1837 na hawakunyongwa, hoja ikiwa kwamba chombo kilikuwa hakijawa meli kisheria na kilichukuliwa ndani ya bandari, hivyo sio uharamia wa bahari kuu. Mmoja wao, James Porter, aliandika maisha yake kwa mkono wake. Kwa hiyo mleta mada hiyo kusema kila kitu kiliandikwa na askari sio kweli kwa wafungwa wote.

Kinachoniuma ni hiki. Riwaya inawapa hawa watu maumivu na ndoto, kazi za mikono yao inazipita haraka. Msomaji anatoka anajua walipigwa. Hajui walikuwa mafundi. Na mimi mtu wa kazi za mbao najua heshima ya fundi ipo kwenye kazi yake, ukimkumbuka kwa viboko tu umemnyang'anya mara ya pili.

Mchangiaji wa tatu:

Mnazunguka sana, hii ishu sisi tulishaimaliza zamani. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, 1969, alisema wazi kwenye utangulizi kwamba Kinjeketile wa kwenye tamthilia ni kiumbe cha mawazo yake, sio yule Kinjeketile Ngwale wa historia. Kamwambia msomaji mapema, biashara imeisha. Flanagan angefanya hivyo nani angelalamika?

Mleta mada:

Ndugu yangu wa tatu, Flanagan kafanya kwa njia yake. Riwaya inaanza na jamaa anaitwa Sid Hammet, kazi yake kuchonga fanicha mpya azeeshe awauzie watalii Wamarekani kama za kale, na yeye ndo anadai kakiokota kitabu cha Gould, na wataalamu wanamwambia hicho ni feki. Mtu akikutambulisha stori yake kwa mkono wa tapeli wa fanicha kashakuambia kila kitu, utangulizi wa nini tena.

Nirudi kwa mchangiaji wa pili, maana hoja yake ndo nzito kuliko zote humu. Nakubali kuhusu Hoy na karakana. Nakubali Porter aliandika, na watu wamsome. Lakini Gould hakuwa Porter. Porter aliacha maneno, Gould aliacha samaki. Na ukisema riwaya inapita haraka kazi za mikono nakuomba uisome tena kwa jicho hilo, kwa sababu kitabu kizima kimejengwa juu ya kazi moja ya mkono, kuchora samaki kabla hajafifia. Aliyewahi kuvua anajua, samaki akitolewa majini rangi zake zinaanza kuondoka hapo hapo, mchoraji ana muda mfupi sana. Riwaya inakaa humo, anavyomwangalia samaki anakufa mbele yake ili mzungu wa sayansi apate mchoro, na taratibu anaanza kushindwa kutofautisha macho ya samaki na macho ya wafungwa wenzake. Hiyo ni heshima ya ufundi. Tena michoro mingine ya Gould, yale maua na matunda aliyouza baada ya kuachiwa, kwa macho yangu ni ya kawaida, imekakamaa. Samaki ndo wako hai. Aliyechora vile alikuwa anaona kitu, na faili halisemi alikuwa anaona nini.

Mchangiaji wa nne:

Nimesoma kuanzia juu, nyote mnabishana kuhusu Waingereza watupu. 1833 hapo hapo Macquarie Harbour, George Augustus Robinson, mtu wa serikali ya koloni, alipokuwa anawakusanya watu asilia wa pwani ya magharibi awapeleke kisiwa cha Flinders, aliwashikilia kwenye kile kituo na wengi walifia hapo ndani ya muda mfupi. Hawakuiba nguo, hawakughushi noti, walikuwa kwenye ardhi yao. Mleta mada umesema faili la mfungwa ni tarehe, kosa, adhabu. Wao hata kosa hawakuandikiwa. Na riwaya inawapa nini? Kuna mwanamke anaitwa Twopenny Sal, hilo jina tu kapewa na wazungu, na sehemu kubwa tunamwona kupitia kitanda cha kamanda na hamu ya Gould. Kama haki ya kubuni inatokana na kunyimwa kalamu basi huyu mama ndo alistahili kubuniwa kwanza, na kwa undani kuliko Gould.

Mleta mada:

Dada au kaka, sijui, ila umenigusa mahali pagumu na nitakujibu bila kukwepa. Sal ana nguvu kuliko ulivyosema, madaftari ya Jorgensen yanapoishia motoni yeye yupo pale na ule moto ni wa maziko, wala sio wa kumfurahisha Gould. Hiyo naihesabu. Lakini ni kweli hatuingii kichwani mwake hata mara moja, kila kitu tunapewa na Gould, na Gould anamtamani. Unaweza kusema mwandishi kaheshimu mpaka, hakujifanya anaweza kusema kwa sauti ya mwanamke wa watu ambao babu zake Flanagan mwenyewe, wafungwa wa Kiairishi, waliletwa kukalia ardhi yao. Unaweza pia kusema kamwacha nje ya mlango. Mimi nasimama na hili la pili. Mtu anayethubutu kumgeuza Gould kuwa samaki, na anafanya hivyo kweli kwenye kurasa za mwisho, alikuwa na uthubutu wa kutosha kumpa Sal hata sura moja, kwenye riwaya yenye sura 12.

Kwa hiyo msimamo wangu uko pale pale ila naunyoosha. Haki ya kubuni ni kubwa kwa aliyeachwa bila neno, inapungua kwa aliyejieleza kama Lempriere, na kwa watu wa pwani ya magharibi naona waandishi wa kizazi chao wenyewe, ambao wapo na wanaandika leo Tasmania, ndo wapewe nafasi ya kwanza. Mchangiaji wa kwanza bado nakusubiri kwenye swali la ufukweni Recherche Bay, uoga au akili, na utuambie umejuaje.