Tupeane uzoefu: mkubwa gani wa kaunti alikufanya ubaki kazini, na yupi alikufanya uondoke?

NimoTangu2013
Hamjambo wenzangu. Naandika nikiwa Nakuru, ila nimefanya kazi kaunti mbili tangu ugatuzi, yaani kaunti kupewa serikali zake, uanze Kenya 2013, na sitaitaja hata moja. Nanyi nawaomba msitaje kaunti wala jina la mtu, tusije tukamponza mwenzetu.

Jana tulimuaga mpima ardhi wetu. Amekaimu ukurugenzi miaka sita. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka ukaimu uwe wa muda maalum, na barua yake ilisema miezi sita. Ilipokwisha hakupewa nyingine, wala hakuambiwa aache. Basi akawa anatia saini kama mkurugenzi na kulipwa kama afisa wa kawaida. Mawaziri wa kaunti watatu walipita juu yake, kila mmoja na ahadi yake. Jana akikusanya vitu vyake alitoa kwenye droo daftari ambamo ameandika kwa mkono mawe yote ya mipaka ya masoko yetu: jiwe liko wapi, nani alilisogeza, lini. Akaniwekea mezani bila kusema neno. Usiku sikulala vizuri kwa kuliwaza daftari hilo.

Tusimuliane basi. Uongozi gani ulikushika, upi ulikusukuma nje?

MzeeWaManispaa
Mwanangu, mimi nimestaafu, niko Kisumu nafuga kuku. Niliajiriwa na halmashauri ya mji mdogo, kitambo kabla ya Katiba ya 2010. Mwaka wa 2013 tulijikuta chini ya paa moja watu wa aina tatu: sisi wa halmashauri zilizovunjwa, waliotoka wizara za serikali kuu, na vijana walioajiriwa na kaunti yenyewe. Kazi moja, mishahara mitatu. Palikuwa na makarani wawili wa meza moja, na aliyelipwa kidogo ndiye aliyemfundisha mwenzake kazi. Ilifika mahali hawasalimiani.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akisimamia wafanyakazi. Alituita ukumbini, akachukua chaki, akachora safu tatu ubaoni na kuandika kila ngazi na mshahara wake, pamoja na wake mwenyewe. Akasema, "Haya siwezi kuyasawazisha mwaka huu, lakini hamtayasikia tena kwa uvumi." Watu walikasirika, wengine wakatoka. Ila tangu siku ile aliyekuwa na lalamiko alijua mlango wa kugonga, na yule mama aliufungua. Mimi nilibaki kwa ajili yake.

Aliyekuja baada yake hakuwahi kutuita hata mara moja. Nilipostaafu ndipo nilipojua kwamba michango yangu ya uzeeni ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara bila kufikishwa inakotakiwa. Nilisubiri miezi kumi na minne.

NesiWaUsiku
Pole sana mzee wetu. Mimi ni muuguzi, kaunti moja ya huku Magharibi. Kila mtu anajua mgao kutoka Nairobi ukichelewa mshahara nao unachelewa. Tatizo langu ni ukimya. Tarehe tano inafika, tarehe kumi na tano, hakuna neno. Sacco inampigia mdhamini wangu, na mdhamini wangu ni nesi mwenzangu, tunashinda naye wodini tukiepukana macho.

Kuna daktari aliyekuwa msimamizi wa hospitali yetu ndogo. Mshahara ukikwama alikuja saa moja asubuhi, zamu zikibadilishana, ili awakute wanaoingia na wanaotoka. Alisimama palepale kwenye meza ya wauguzi akatuambia pesa zimekwama wapi, amempigia nani, na lini atapiga tena. Mara nyingi habari ilikuwa mbaya. Kisha akapanga zamu upya ili wanaotoka mbali wafanye siku mfululizo na kupunguza nauli. Wauguzi walipogoma 2017, ule mgomo wa karibu miezi mitano, nami niligoma, na hakunifanya adui. Tuliporudi alikuwa ameyahifadhi mafaili yetu ya wagonjwa wa kisukari kwenye kabati lake mwenyewe, yote.

Alihamishwa. Mwaka uliofuata wanne wetu waliondoka, wawili wakaenda Uingereza.

MwalimuWaChekechea
Kandarasi yangu ya kwanza ilikuwa ya miaka miwili. Nimeipokea upya mara tatu, na kila uchaguzi ukikaribia tunaanza kuulizwa tuko upande gani. Nina watoto arobaini na wawili darasani, wa miaka minne na mitano. Sijawahi kumwona mkubwa yeyote akikaa darasani kwangu hata dakika kumi. Ningependa aje tu aone.

NilikuwaAfisaMkuu
Nimesita kuandika, maana mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Naomba mnisikilize.

Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Sisi tulikuwa tumeshaivuka kabla sijakalia kiti. Kwa hiyo daktari akiondoka siwezi kumwajiri mwingine, huku majina ya vibarua yakiongezeka kila mwezi, kwa simu tu. Sheria pia inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Nilipoikumbusha mezani niliangaliwa kama msaliti.

Asubuhi moja nilienda sokoni saa kumi na moja unusu, bado giza, nikahesabu mifagio. Rejista ilikuwa na vibarua sitini na mmoja. Mifagio ilikuwa thelathini na minane, yote mikononi mwa akina mama. Niliomba waliopo tu ndio walipwe. Kufikia saa nne simu ilikuwa imeanza kulia: huyu ni wa mheshimiwa fulani, yule alitufanyia kampeni. Mkubwa wangu alinikingia kifua miezi minne, kisha akachoka. Nikaandika barua ya kujiuzulu.

Wale akina mama nawafikiria mpaka leo. Walikuwa wakilipwa kwa kuchelewa ili wasiokuwepo nao walipwe.

NesiWaUsiku
Asante kwa kusema hilo la simu, afisa. Sisi wa chini huwa tunadhani wakubwa wote ni kitu kimoja.

MgeniWaWadi
Samahani kuingilia. Nimesoma post ya kwanza mikono ikanitetemeka, kwa sababu leo mchana nimekabidhiwa barua ya kukaimu usimamizi wa wadi. Naishi Kakamega, nina miaka ishirini na tisa. Nisaini?

NimoTangu2013
Dada, soma barua yote kwanza. Tafuta tarehe ya mwisho. Kama haipo, waandikie waiweke kabla hujasaini, na nakala ubaki nayo nyumbani. Uliza posho ya ukaimu, na iwe ndani ya barua yenyewe. Halafu nenda kwa aliyekutangulia ukamwombe mambo aliyokuwa akiyaandika kwa mkono.

MgeniWaWadi
Nimeitazama tena. Tarehe haipo. Kesho saa mbili niko mlangoni kwao.