Tupeane uzoefu: mabaka ya upara kichwani na tezi ya shingo

Dada wa Ibanda: Wapendwa wa Bukavu, msusi wangu pale Nyawera ndiye aliyeliona: baka la upara nyuma ya sikio, la mviringo, laini kabisa, haliwashi wala halina magamba. Nyumbani maneno yakaanza, eti kuna mtu kachukua nywele zangu kwenye chanuo. Daktari wa ngozi akasema ni alopesia areata, kinga ya mwili inashambulia mashina ya nywele. Halafu akanipapasa shingo, akauliza habari za uchovu, baridi na choo kigumu. Labo ikaonyesha TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingo (tiroide) ifanye kazi, iko juu, na kingamwili dhidi ya tiroide zimejaa: Hashimoto, yaani kinga ya mwili inaishambulia tezi hiyo. Wenzangu mlianzaje?

Mama wa Bagira: Mimi tiroide ndiyo ilitangulia. Nilipoanza levothyroxine, kidonge cha homoni ya tiroide, nywele zilizokuwa zimepungua kichwa kizima zilirudi taratibu, hata ncha za nyusi. Lakini mabaka hayakusikia hiyo dawa! Daktari alinifafanulia kwamba haya magonjwa ni ya ukoo mmoja, yanapenda kutembea pamoja, ila kutibu hili si kutibu lile. Yangu yalichomwa sindano ndogondogo za kotizoni palepale kichwani. Nywele za kwanza ziliota nyeupe pee, wajukuu wakacheka sana, kisha zikageuka nyeusi.

Kaka wa Panzi: Kwangu ilikuwa ndevu. TSH nikapima, iko sawa, na ndevu zikarudi zenyewe. Kwa hiyo wenye mabaka msiingiwe na hofu, wengi wetu tiroide ni nzima. Kupima tu ndiyo muhimu.

Binti Idjwi: Kwetu kisiwani rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, linajulikana tangu zamani, kwa uhaba wa iodini na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri. Basi mama mkwe akasisitiza nizidishe chumvi ya iodini nywele zirudi. Daktari akakataa katakata: Hashimoto ni kinga kujigeuka, na iodini ikizidi inaweza kuivuruga tezi zaidi. Chumvi ya kawaida ya jikoni inatosha.

Mrembo wa Kadutu: Na mimi nywele za kwenye paji zinarudi nyuma tangu nianze rasta. Nipime tiroide?

Mama wa Bagira: Mwanangu, anza kufumua hizo rasta, zinavuta mno! Na wenye watoto, baka lenye magamba na nywele zilizokatika mara nyingi ni fangasi, hiyo ina dawa yake.

Dada wa Ibanda: Asanteni. Kidonge cha levothyroxine mnakimezaje?

Binti Idjwi: Alfajiri, kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu. Chai na samaki wadogo wa sambaza vinasubiri hata saa nzima. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu viachanishwe nacho kwa muda wa masaa manne. Na kila ukinunua, soma mikrogramu kwenye boksi, famasi moja iliwahi kunipa 100 badala ya 50.

Dada wa Ibanda: Mama Bagira, hizo sindano zinauma?

Mama wa Bagira: Zinauma, nisikudanganye. Ila kila moja ni ya haraka. Nenda ukiwa umekula.