Jiwe la kunolea limebonyea katikati, nalinyooshaje?

Patasi_Mbili: Wakuu habari. Jiwe langu ni la pande mbili, rafu na laini, inchi 8 kwa 2, natumia mafuta. Nikisimamisha rula ya chuma juu ya upande wa rafu, mwanga unapita katikati, pengo kama milimita moja. Kisu cha randa kinatoka na tumbo, yaani makali yanatuna katikati. Nimeambiwa nilisugue kwenye sakafu ya saruji. Nifanye hivyo au ninunue jingine?

FundiRanda: Usinunue, linanyooka hilo. Ila mafuta yatoke kwanza, la sivyo yataziba msasa mara moja. Loweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, sugua kwa brashi ngumu, kausha kivulini.

Tafuta kipande cha kioo cha milimita 10, kilaze juu ya meza iliyonyooka. Kioo chembamba kinapinda ukikandamiza. Bandika msasa wa maji namba 80 kwa maji tu. Chora mistari ya penseli ikatizane jiwe zima, kisha sugua kwa mwendo wa namba nane bila kukandamiza. Kila baada ya mizunguko 20 hivi geuza jiwe, mbele iwe nyuma, maana mkono huelemea upande mmoja. Penseli ya katikati ikifutika yote, umefika. Usiache mapema, doa dogo la penseli likibaki, hapo ndipo kisu kitaendelea kupata tumbo.

Sakafu inakula haraka, lakini yenyewe haijanyooka na jiwe litafuata umbo lake. Labda kwa kupunguza tu, halafu umalizie kwenye kioo.

Makali_Tu: Kwa milimita nzima msasa utaisha mwingi. Nunua maduka ya spea ile dawa ya kopo ya kusagia valvu, upande wa chembe nene. Paka kidogo juu ya kioo, ongeza tone la mafuta ya taa, saga. Hamahama kwenye kioo, kwa sababu nacho kinaliwa. Mchanga wa mto usihangaike nao, si mgumu kama chembe za jiwe. Na dawa hiyo ni kwa mawe ya mafuta tu: kwenye jiwe la maji (linalotumiwa kwa maji badala ya mafuta), ambalo si gumu sana, chembe zitazama ndani na kuchora makali.

Patasi_Mbili: Asanteni. Na upande laini? Haujabonyea, ila unateleza, chuma hakiliwi.

FundiRanda: Umejaa vumbi la chuma na mafuta yaliyoganda. Kama unatumia mafuta ya kupikia, acha, yanageuka gundi. Oili chafu ya gari pia hapana. Tumia mafuta ya cherehani. Safisha, kisha pitisha msasa 220, malizia na 400. Ukiishia 80 upande huo utakwaruza kama wa rafu.

Makali_Tu: Kingo kali za jiwe zisugue kwa mshazari wa nyuzi 45, milimita moja inatosha, zisimeguke. Na usisugue mawe mawili peke yake ukidhani yatanyookeana. Moja linaweza kutoka na tumbo, jingine na bonde, na yakaingiana vizuri kabisa. Yakiwa matatu, ukiyabadilishana mawili mawili, hapo ndipo yatanyooka.

FundiRanda: Patasi nyembamba nolea kwenye ncha za jiwe, katikati muachie kisu cha randa.