MJADALA: Bondia mwanamke wa kulipwa apewe raundi za dakika tatu, au zibaki mbili? Tuanze na Estelle Mossely

Wadau wa masumbwi, naomba tulizungumze hili kwa hoja. Mwanamume akipanda ulingoni kugombea mkanda wa dunia anapewa raundi 12 za dakika tatu. Mwanamke kwa kawaida anapewa raundi 10 za dakika mbili. Dakika 36 kwa 20. Swali ni moja tu: ni sawa?

Naweka msimamo wangu mapema. Raundi za wanawake ziwe za dakika tatu, lakini idadi yake ipungue. Sisemi 12. Nasema saba, zikizidi sana nane. Najua nitapigwa kutoka pande zote mbili, maana wanaotaka usawa kamili hawatanielewa, na wanaotaka mambo yabaki yalivyo hawatanielewa pia.

Kilichonifanya nifike hapo ni safari ya Mfaransa Estelle Mossely. Huyu ni mhandisi wa kompyuta, mzaliwa wa Créteil, kando ya Paris. Mwaka 2016 alichukua ubingwa wa dunia wa ridhaa kule Astana, kisha Agosti akaenda Rio kwenye Olimpiki, uzani wa kilo 60. Fainali iliangukia tarehe 19, siku aliyotimiza miaka 24. Alimshinda Mchina Yin Junhua kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, akawa mwanamke wa kwanza wa Ufaransa kupata dhahabu ya ndondi kwenye Olimpiki. Siku mbili baadaye mchumba wake, Tony Yoka, naye akachukua dhahabu ya uzani wa juu. Wafaransa waliokesha wiki ile hawajaisahau.

Sasa angalieni saa. Pale Rio wanawake walipigana raundi nne za dakika mbili. Kuanzia 2017 ngumi za ridhaa zikabadilika: wanawake wakapewa raundi tatu za dakika tatu, sawasawa na wanaume. Mwaka huohuo Mossely akajifungua mtoto wake wa kwanza, na 2018 akaingia ngumi za kulipwa. Huko akazikuta zilezile dakika mbili alizoziacha Rio. Mwaka 2019 akavaa mkanda wa uzani mwepesi wa IBO, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, bado dakika ni mbili.

Hapa ndipo ninapokwama kila nikifikiria. Binti wa miaka 19 wa ridhaa, ambaye pengine hajalipwa hata nauli, anaaminiwa kusimama dakika tatu. Bingwa wa Olimpiki aliyepanda daraja na kuishi kwa ngumi haaminiwi. Mwenye sababu ya hilo naomba aiseme waziwazi, kwa sababu mimi nimeitafuta sijaiona.

Wengine watasema dakika moja ni kitu gani. Waliokaa kona wanajua. Mimi nimewahi kuwashikia mabinti ndoo na taulo, na nawaambia dakika ya kwanza ni ya kupimana. Ya pili unaanza kusoma: huyu akitupa mkono wa kushoto anaacha kidevu wazi, huyu akirudi nyuma anarudi kulia. Umeshalijua tundu, unataka kulitumia, kengele inalia. Mpinzani anakwenda kukaa, anapakwa mafuta, anamwagiwa maji, pumzi inarudi, na kona yake inamwambia afunge lile tundu. Dakika ya tatu ndiyo ya kuvuna. Ndiyo mikono inashuka na miguu inakuwa mizito. Ukiiondoa, unampendelea mwenye kasi na pointi, na unamnyima mwenye subira na konde zito. Halafu mashabiki walewale wanalalamika kwamba wanawake hawaangushani! Mossely alifika Olimpiki ya Paris bila kupoteza pambano hata moja la kulipwa, na ushindi wake mwingi ulikuwa wa pointi. Watu wakamwita hana konde. Wengi wao hawakuwahi kuitazama saa.

Mnakumbuka ukumbi wa Madison Square Garden, New York, tarehe 30 Aprili 2022, Katie Taylor wa Ireland na Amanda Serrano wa Puerto Rico? Raundi ya tano Serrano alimtandika Taylor hadi ukumbi mzima ukasimama. Taylor alikuwa anashikilia kwa roho tu. Kengele ikamwokoa, akapumzika, akarudi, na mwisho akashinda kwa majaji waliogawanyika. Ingekuwa raundi ya dakika tatu, wengi tuliotazama tunaamini pambano lisingefika kwa majaji. Sisemi Taylor hakustahili. Nasema saa ilipigana upande mmoja.

Najua mtaniletea Anne-Sophie Mathis, na mna haki. Mfaransa yule mrefu alikwenda Albuquerque Desemba 2011, nyumbani kwa Mmarekani Holly Holm, akamwangusha raundi ya saba, ndani ya hizohizo dakika mbili. Kwa hiyo KO zipo. Lakini Mathis alikuwa na mkono wa ajabu, na sheria haitungwi kwa kumtazama mtu mmoja aliyejaliwa. Holm mwenyewe alijifunza, mwaka uliofuata akamshinda kwa pointi.

Nakuja kwenye hoja nzito, ya afya, nami siidharau hata kidogo. WBC, shirika jingine la mikanda ya dunia, imeshikilia dakika mbili kwa madai kwamba mwanamke yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya mtikisiko wa ubongo. Oktoba 2023 Serrano alipigana na Danila Ramos raundi 12 za dakika tatu kule Orlando. Mashirika mengine, WBA, IBF na WBO, wakakubali, WBC wakakataa, na Desemba Serrano akauachia mkanda wao. Kwetu Afrika Mashariki tunaijua mikanda ya WBC kwa sababu Fatuma Zarika wa Kenya aliutwaa wa uzani mwingine 2016 kwa kumshinda Alicia Ashley huko Marekani. Kwa hiyo jambo hili si la Wazungu peke yao. Wasichana wanaofanya mazoezi leo Nairobi na Dar es Salaam watakutana na saa hiyohiyo.

Ubongo ni ubongo. Mwaka 1982 Duk Koo Kim wa Korea Kusini alifariki baada ya pambano na Ray Mancini huko Las Vegas, lililosimamishwa raundi ya 14. Baada ya hapo WBC ilishusha mapambano ya ubingwa ya wanaume kutoka raundi 15 hadi 12. Angalieni walichopunguza: raundi, siyo dakika. Walipotaka kumlinda mwanamume walikata mkia wa pambano, kule uchovu unakoua, wakaiacha raundi ikiwa nzima. Walipotaka kumlinda mwanamke wakaikata raundi yenyewe. Kama ni ulinzi, basi kwa nini asilindwe kama alivyolindwa mwanamume?

Ndiyo maana nasema saba. Saba mara tatu ni dakika 21. Kumi mara mbili ni 20. Muda wa kupigwa unabaki karibu uleule. Raundi inapata dakika yake ya mavuno, na daktari hana sababu ya kusema tumeongeza hatari maradufu.

Tuje kwenye pesa. Mapromota wanapenda kusema anayefanya kazi ya dakika 20 asidai malipo ya dakika 36. Hoja hiyo ni ya kutafutia kisingizio. Maïva Hamadouche, Mfaransa mwingine, aliushika mkanda wa IBF tangu 2016 huku akiendelea na kazi yake ya polisi. Bingwa wa dunia! Novemba 2021 alikwenda Las Vegas kupambana na Mmarekani Mikaela Mayer, wakarushiana makonde raundi zote 10 bila kupumua, akapoteza kwa pointi. Lile lilikuwa moja ya mapambano bora ya wanawake mwaka ule. Nani aliyelitazama atasema lilikuwa nusu pambano?

*

Nimerudi baada ya kusoma michango. Nashukuru wengi mmejenga hoja.

Kuna mdau amesema Mossely ndiye ushahidi dhidi yangu: alirudi Olimpiki ya Paris 2024, akakutana na raundi za dakika tatu, akatolewa pambano la kwanza na Mmarekani Jajaira Gonzalez. Ndugu yangu, mtu aliyeishi miaka kadhaa kwenye mdundo wa dakika mbili, akaurudisha mwili kwenye mdundo mwingine akiwa na miaka 31 na watoto wawili, mbele ya umati wa nyumbani unaomdai dhahabu, huwezi kusema ameshindwa na dakika ya tatu. Mimi naona kinyume chake. Kama kulipwa na ridhaa wangekuwa na saa moja, asingelazimika kujifunza upya. Iliniuma kumwona akitoka ulingoni siku ile, na sitaki uchungu ule ugeuzwe kuwa kanuni ya kuwabana wengine.

Mwingine ameniuliza, mbona Hamadouche nimemtumia kwenye pesa nikaficha kwamba kasi yake ilitokana na dakika mbili? Umenibana vizuri. Ni kweli. Raundi fupi zinaleta moto, na mpiganaji wa aina yake angepoteza kitu tukibadilisha. Sikatai. Nadhani bado tunapata zaidi ya tunachopoteza, lakini kwake ingekuwa hasara ya kweli.

Yupo anayetaka mwanamke achague mwenyewe, mbili au tatu, kwenye mkataba. Hilo silitaki. Anayechagua kwenye mkataba ni promota na mwenye mkanda. Binti anayepewa nafasi yake ya kwanza atasaini chochote atakachowekewa mezani.

Hoja iliyonigusa zaidi ni ya yule aliyesema hesabu yangu ya 21 kwa 20 imesahau mapumziko. Raundi 10 zina mapumziko tisa, dakika tisa za kukaa kwenye stuli. Raundi saba zina sita. Nimempunguzia bondia dakika tatu za kupumua, na nimeongeza muda anaopigwa akiwa amechoka bila kengele. Hili sikuwa nimelipima, na linanisumbua. Labda jibu ni raundi sita. Labda ni kumpa mwamuzi ruhusa ya kusimamisha mapema zaidi kuliko anavyofanya sasa. Waliowahi kusimamia kona, na hasa madaktari wa ulingoni mlio humu: bondia aliyetikiswa sekunde ya 100 ya raundi, mnamwona anarudi vipi akipata kengele baada ya sekunde 20, na vipi akilazimika kusimama sekunde 80 zaidi? Hapo ndipo ninapotaka tuanzie.