Tupeane uzoefu: kiatu na pedeli vilivyowahi kukuangusha kwenye baiskeli

Mwanzisha uzi
Wakuu, helmeti tumeijadili mpaka imechoka. Leo tushuke miguuni.

Naanza mimi. Niko Tabora, nina Phoenix niliyorithi kwa marehemu mzee. Pedeli ya kulia mipira yake ilikatika zamani, ikabaki ekseli tupu, kijiti cha chuma kilichong'aa kwa kukanyagwa. Nilishakizoea, hata nikawa najisifu. Siku hiyo mvua ndiyo kwanza imekatika, mguuni nina yeboyebo, kwenye keria nusu gunia la mchele. Kufika kwenye kimlima cha karibu na nyumbani nikasimama ili nipandishe. Mguu ukachepuka, nikalikalia lile bomba la mbele kwa namna ambayo wanaume mmeshaielewa, halafu kijiti kikazunguka na kunichana ugoko. Kovu lipo, refu kama kidole cha shahada. Pedeli mpya niliyofunga kesho yake bei yake haikufika nusu ya nilichoacha zahanati.

Nyie wenzangu?

Fundi chini ya mwembe
Pole mkuu. Huku Shinyanga ninachokiona zaidi ni watu kujifungia pedeli wenyewe. Ya kushoto nyuzi zake ziko kinyume, ili isijilegeze ukiwa unaendesha. Kuifungua unazungusha spana kufuata mishale ya saa. Sasa mtu anachukua ya kulia anailazimisha kushoto, inauma nyuzi mbili tatu, anaondoka zake. Siku ya siku inachomoka na mguu ukiwa juu yake. Kijana mmoja aliniletea krenki, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli, tundu lake limekuwa laini kama pete.

Tazama mwisho wa ekseli, kuna herufi L au R. L ni kushoto. Paka grisi kidogo, anza kufunga kwa vidole. Ikikugomea kwa vidole, spana iache chini kwanza.

Bi Raba
Yangu ni kamba za viatu. Naendesha kwenda kazini hapa Morogoro, raba za kitambaa, fundo nimefunga la haraka haraka. Kamba ya mguu wa kulia ikaingia kwenye cheni, kila nikikanyaga inajiviringisha, mguu unavutwa kuelekea kwenye gia. Nikaanza kuuvuta kwa nguvu, nikaenda chini kama mzigo, mbele ya kituo cha daladala kilichojaa watu! Mzee mmoja ndiye aliyenifundisha: usivute mguu, zungusha pedeli kinyumenyume, kamba inajifungua yenyewe. Tangu hapo ncha za kamba nazichomeka ndani ya kiatu. Dera nalo nalikusanya upande wa kushoto, mbali na cheni.

Msafiri wa Nairobi
Mimi natumia pedeli za kubana, zile ambazo kiatu kina chuma chini na kinajifunga kwenye pedeli. Siku ya kwanza nilijiona bingwa hadi kwenye taa nyekundu. Baiskeli imesimama, mimi navuta mguu kwenda juu, wapi! Nikaanguka taratibu kabisa upande wa kulia, matatu nzima ikinitazama. Mguu hauvutwi juu: unasukuma kisigino nje, kiatu kinaachia. Na unautoa kabla hujafika, si ukishasimama. Nyingi zina skrubu ndogo ya kulegeza springi. Anayeanza ailegeze, afanye mazoezi ameshika ukuta.

Kingine, chagua viatu ambavyo chuma kimezama ndani ya soli. Zile za mashindano chuma kimetokeza. Ukitembea kwenye vigae unakwenda kama bata. Hizi pedeli za kubana zilivuma kupitia kampuni ya Ufaransa ya vifungio vya skii (mbao za kutelezea kwenye theluji), LOOK, mwaka 1984, na mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Mfaransa Bernard Hinault akashinda Tour de France nazo. Hinault hakuwa na matatu nyuma yake.

Mkongwe wa Singida
Mbwembwe. Nimeendesha miaka thelathini peku.

Mwanzisha uzi
Mzee shikamoo. Peku kwenye pedeli pana ya mpira inashika, nakubali. Kucha zako kumi zote zipo?

Mkongwe wa Singida
Marahaba. Zipo tisa.

Dada wa Kahama
Msiwasahau wanaopakiwa. Mwanangu nilimbeba kwenye keria akiwa na kandambili. Ikamvuka, akanyoosha mguu kuiwahi, kisigino kikaingia kwenye spoku. Ngozi ya nyuma ilibaki inaning'inia. Wiki sita hakuvaa kiatu. Sasa ekseli ya nyuma nimefungiwa vyuma vya kukanyagia pande zote mbili, na bila kiatu cha kufunga hapandi hata akilia.

Mwanzisha uzi
Duh, pole sana dada. Fundi, swali: hizo za kubana za ndugu wa Nairobi zinaingia kwenye Phoenix?

Fundi chini ya mwembe
Njoo na krenki tupime. Baiskeli nyingi za watu wazima nyuzi ni inchi 9/16, za watoto nyingi ni nusu inchi, na kwa macho zinadanganya. Lakini mkuu, umefungwa miguu yote miwili, nyuma una gunia la mchele, mbele wanakatiza ng'ombe arobaini. Unashukaje?