Daktari anauliza kama marehemu mama wa mtoto alikuwa anakunywa. Tumjibu nini?

Mama Mkubwa, Makorora
Salaam wapendwa. Namlea mtoto wa marehemu mdogo wangu, ana miaka 8. Nikimtuma chumvi na kiberiti, anafika dukani anasimama na hela mkononi, hajui amefuata nini. Hesabu aliyoiweza jana, leo haijui kabisa. Shuleni wanamwita mvivu, na fimbo anakula. Si mvivu jamani. Nikifua anakuja mwenyewe kuanika, na hataki kusaidiwa.

Juzi tumempeleka kwa daktari wa watoto. Kampima urefu, uzito na kichwa, kisha akachukua rula ndogo akapima jicho, kona hadi kona. Akamtazama sana hapa juu ya mdomo: kile kifereji cha chini ya pua kwake kama hakipo, na mdomo wa juu mwembamba. Akauliza kwa upole, mama yake alipokuwa na mimba alikuwa anatumia pombe? Mama yangu akadakia, "Hapana daktari, nyumba yetu haina hayo."

Ukweli, marehemu alikuwa anauza tembo la mnazi njia ya Muheza, na alikuwa analinywa, hata na mimba. Tumeambiwa turudi mwezi ujao. Mama anasema marehemu asitiriwe. Mliopitia haya, mlifanyaje?

Mzee wa Pongwe
Bibi ana haki yake. Maiti hasemwi. Na kama daktari ameshaona usoni, si aandike tu?

Mama wa Kulea, Bagamoyo
Pole shoga yangu. Wangu nilimchukua mchanga, na uso wake hauna alama yoyote. Wengi wenye hali hii ya kuumizwa na pombe tangu tumboni, FASD kwa Kiingereza, hawana. Hakuna kipimo cha damu kinachoionyesha. Daktari anaunganisha ukuaji, uso, akili inavyofanya kazi, na habari ya pombe. Zile alama za uso zikiwepo zote tatu anaweza kuamua hata bila habari hiyo. Zikipungua, msiposema atabaki anakisia. Sisi tulizungushwa miaka, mara ukaidi, mara amerogwa, mpaka jirani aliyemjua mama mzazi akakubali kuja kusema.

Dawa ya kuiponya hakuna, ubongo uliumia tangu tumboni. Lakini malezi yalibadilika. Simpi maagizo matatu kwa mpigo: nampa moja, akimaliza la pili. Kuoga, kula, kulala, saa zile zile kila siku. Na fimbo shuleni ilikoma tulipokwenda na karatasi ya daktari.

Mzee wangu, kwa heshima, pombe inapita kwenye kondo inamfikia mtoto, iwe bia, gongo au tembo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa ni salama. Wanawake wangapi wanakunywa kabla hawajajua kama wana mimba? Marehemu hakumtakia mwanawe mabaya. Kumwambia daktari, mlango umefungwa, siyo kumtangaza mtaani.

Muuguzi Mstaafu
Omba kuonana na daktari peke yako. Kutunza siri ni wajibu wake. Mweleze alikunywa nini, mimba ikiwa ya miezi mingapi, kidogo au mpaka kulewa. Na kama mtoto ana ndugu wa tumbo moja, wataje, nao waangaliwe.

Mama Mkubwa, Makorora
Ahsanteni sana. Mdogo wake yupo, yuko kwa baba yake Pangani, na naye hajaongea vizuri mpaka leo. Nitampigia baba yake kesho.

Mama nimemsomea majibu yenu yote. Hajakubali kusema yeye, ila amesema siku hiyo atakaa nje, mimi niingie. Alichouliza ni kimoja: hiyo karatasi kweli itamzuia mwalimu? Mama wa Bagamoyo, hebu nieleze, mlianzia kwa mwalimu wa darasa au kwa mwalimu mkuu?